Ngazi ya Saba

Nilirudi nyumbani kutoka hospitali moja ya Kisii mjini nikiwa na mfuko wa dawa, mtungi wa oksijeni wa kuazima, na kidude cha plastiki cha buluu ambacho nilikichukia tangu siku niliyokabidhiwa. Nilikuwa nimelazwa wiki sita. Wiki mbili kati ya hizo nilikuwa na mpira kooni, mashine ikipumua kwa niaba yangu. Mashine ikikufanyia kazi muda mrefu hivyo, mwili unazoea uvivu. Kiwambo changu, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu ambao huvuta hewa bila kuamrishwa, kilikuwa kimelegea kama mpira wa sketi kuukuu.

"Mapafu yanapona," aliniambia daktari wa mazoezi, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo. "Shida sasa ni misuli. Itabidi uifundishe upya, mwalimu. Safari hii wewe ndiye mwanafunzi."

Sikucheka. Nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na sita, na nilikuwa na sauti ya kumgeuza mtoto aliye ng'ambo ya uwanja kabla sijamaliza jina lake. Sasa sikuweza kusema "niletee maji" bila kupumzika katikati. Nitasema ukweli: sikuhuzunika, nilikasirika. Nilimkasirikia kila mtu niliyemwona akipumua bila kufikiri.

Kidude chenyewe kilikuwa na ukubwa wa chupa ya dawa ya kikohozi. Juu kilikuwa na mdomo wa raba, ndani springi na kilango kidogo, na kitakoni namba, moja hadi tisa. Unabana pua, unauma ule mdomo, unavuta hewa kwa nguvu hadi kilango kifunguke, kisha unaiachia polepole. Ukizungusha kitako, springi inakaza na hewa inakuwa ngumu kuvuta. Mara thelathini asubuhi, mara thelathini jioni, na kila wiki, ukiweza, unapanda ngazi moja. Nilitoka hospitalini nikiwa ngazi ya pili, na hata hiyo ilinitoa jasho la mtu anayelima.

Nilivumilia kwa sababu moja tu. Mimi na mume wangu tuliugua wiki moja. Mimi nilitangulia kupelekwa Kisii. Yeye alipozidiwa siku nne baadaye vitanda vilikuwa vimejaa, akapelekwa upande wa Eldoret. Nilipozinduka niliambiwa bado yuko huko, amewekewa mashine, hawezi kuongea ila anaweza kuandika ujumbe kwa simu. Nilitaka kwenda kumwona. Shemeji yangu, mdogo wake, ndiye aliyenijibu siku niliyofika nyumbani.

"Mwalimu, hiyo barabara ni ndefu, utaishiwa na pumzi njiani," alisema. "Wewe fika saba kwanza. Ukifika saba tutakupeleka kwake. Hiyo nakuahidi."

Nikaishika ile saba. Niliiandika kwa chaki kwenye ubao wa kitanda, kubwa, kama ninavyowaandikia watoto wa darasa la kwanza.

Boma letu liko mlimani, juu kidogo ya Ikonge, na chai yetu imepanda hadi karibu na mlango. Nilikuta nimetandikiwa chumba cha wageni, upande wa kushoto wa nyumba. Chumba chetu cha upande wa kulia kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Wifi yangu, aliyekuja kunitunza, alisema paa linavuja. Mabati ya paa hilo tuliyabadilisha mwaka uliotangulia, lakini mgonjwa habishani na anayempikia.

Kilichonitia wasiwasi kwanza ni ukimya. Nikiuma kile kidude tu, kila mtu aliacha alichokuwa akifanya. Mwiko ulikoma jikoni. Kilango kikifunguka hutoa mlio, kama mtu anayefyonza uji moto, na mlio huo ulisikika nyumba nzima. Nikimtazama wifi mlangoni, niliona midomo yake ikicheza. Alikuwa akihesabu. Wachuma chai waliopita kwenye kijia cha chini walikuja wakipiga soga na kucheka, lakini wakifika penye ua wetu walinyamaza wote, wakapita wameinama chini ya vikapu vyao, na wakishavuka walianza tena pale walipoachia.

Hata salamu zilibadilika. Watu wa huku wakikusalimu utaulizwa ng'ombe, watoto, na mvua. Wageni wangu walikaa nje kwenye benchi, barakoa usoni, wakauliza jambo moja: "Umefika ngapi?"

"Tatu," nilisema.

"Tatu," waliambiana wao kwa wao, wakaaga.

Mzee wa kanisa letu la Kisabato alikuja kuniombea. Alimwomba Mungu anifikishe saba. Sikujua Mungu naye anafuatilia namba za springi. Nilimkumbusha amwombee na mume wangu. Alikohoa kidogo, akaongeza sentensi moja kuhusu rehema, na haikuwa na mtu ndani yake. Binti yetu, aliye kazini Qatar, alinipigia simu mara mbili. Mara zote alisema "mama," kisha mtandao ukakatika. Sijawahi kuona mtandao unaokatika kwa kwikwi.

Na kila jioni, nikishamaliza pumzi ya thelathini, kwenye simu yangu uliingia ujumbe kutoka namba ya mume wangu. "Umefika ngapi leo?" Nilimjibu. Naye: "Jikaze. Usichoke." Nikamweleza habari za mdomo wangu mkavu, za ndoto zangu mbaya, za wifi anayetia chumvi kama anayemlisha ng'ombe. Majibu yalikuja mafupi, ya mtu aliye na mpira kooni, na mimi niliujua mpira huo. Niliyapenda sana. Niliyasoma kwa sauti, neno moja kwa kila pumzi, kama zoezi la ziada.

Wiki ya tatu nyumbani nilianza kutembea hadi jikoni. Mwendo wa hatua kumi na tano, nikishika ukuta. Nilikuta jiko limejaa moshi wa kuni mbichi za mkaratusi, wifi anapuliza huku machozi yanamtoka. Moshi kwa mapafu yangu ni adui, na hasira zangu zikapanda.

"Kuni kavu hakuna boma zima?"

"Mvua hii, mwalimu. Zote zimelowa."

Lakini kupitia dirisha la jikoni niliona ncha ya rundo kubwa la matawi ya chai, upande wa pili wa nyumba, pembeni mwa tangi la maji. Matawi ya chai yakikauka ndiyo kuni bora kupita zote, na haya yalikuwa yamekauka, yamefunikwa kwa turubai.

"Na zile?"

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachambua mboga za chinsaga. Hakuinua uso. "Zile ni za mtu," alisema.

Nilirudi chumbani nikiwa nimechoka, na fikira zikaniandama. Chai yetu tuliipogoa msimu wa juzi. Chai ikishapogolewa haiguswi tena kwa miaka mitatu au minne. Kila mkulima wa huku analijua hilo kama anavyojua siku ya Sabato. Basi matawi yale yalitoka shamba la nani, na nani angeyabeba mlima mzima ayarundike kwetu, kisha yasitumike? Kila niliposhika ukuta kwenda jikoni niliyachungulia. Hakuna aliyeyachoma, na bado rundo lilipungua. Mvua ya alasiri ya huku, ile yenye mawe, ikishapita, rundo lilikuwa limeshuka kidogo, hasa katikati. Lilizama polepole kama godoro lililolaliwa. Nilianza kuogopa kuliangalia, na sikuweza kujizuia kuliangalia.

Kisha kilemba cha mama mkwe kikateleza. Alikuwa ameinama kuniwekea uji, kitambaa kikaanguka begani, nikaona kichwa chake. Kilikuwa kimenyolewa chote, na nywele zilikuwa ndiyo kwanza zinachipua, nyeupe, fupi kama za mtoto mchanga. Alikifunika haraka. Mama huyu ni Msabato wa tangu ujana, lakini kuna mambo ya kwetu ambayo kanisa halijayafuta, na mwanamke wa umri wake hanyolewi kwa ajili ya urembo.

Sabato iliyofuata wote walikwenda kanisani isipokuwa yeye. Alisinzia sebuleni juu ya mkeka, mikono kifuani. Nikachomoa mpira wa oksijeni puani, nikatoka.

Kutoka mlango wa mbele hadi upande wa kulia wa nyumba hazizidi hatua arobaini. Nilipumzika mara tano. Mara ya nne niliketi chini kabisa, na niliona madoa meusi yakicheza machoni. Nilipofika penye tangi niliinua pembe ya turubai, nikavuta matawi mawili. Chini yake kulikuwa na udongo mwekundu, laini, uliobonyea katikati. Upande wa kichwani palikuwa na shimo jembamba la mraba, kama mahali palipong'olewa mti wa msalaba, nalo limejaa maji ya mvua.

Kwetu mwanamume huzikwa mkono wa kulia wa nyumba yake. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Sikulia. Kulia kunataka hewa, nami ile niliyokuwa nayo ilitosha kunirudisha kitandani tu. Niliyarudisha matawi mawili pale pale, nikafunika turubai. Nilijilaza, nikarudisha mpira puani, na waliporudi kutoka kanisani walinikuta kama walivyoniacha. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata sasa nilikuwa mimi.

Jioni nilifanya mazoezi yangu thelathini, ngazi ya tano. Nikanyamaza na kusikiliza. Upande wa pili wa ukuta, sebuleni, kiti cha shemeji kililia. Kisha simu yangu ikaita mlio wa ujumbe. "Umefika ngapi leo?"

Ningeweza kumwita. Ningeweza kumwambia, shemeji, ingia, acha mchezo huu. Nilikuwa na haki ya kuwatukana wote, na matusi nilikuwa nayo ya kutosha. Lakini nilizishika zile herufi, namba yake, jina nililomwandikia mwenyewe kwenye simu, nikaona kwamba nikisema neno moja tu hazitakuja tena. Nikajibu, "Tano."

"Jikaze. Usichoke," akaandika marehemu.

Ndipo nilipofanya upumbavu wangu. Sasa niliielewa ile ahadi: walikuwa wameapa kutoniambia hadi nifike saba. Basi nisipofika saba, haitasemwa, na isiposemwa, mume wangu yuko Eldoret. Najua ni hesabu ya mwendawazimu. Niliifanya nikiwa na akili zangu timamu. Kila asubuhi na jioni nilizungusha kitako cha kidude kikarudi hadi mbili, nikakifunika kwa kiganja, nikapumua pumzi thelathini za uongo. Wakiniuliza nilisema tano. Wiki ya kwanza tano. Wiki ya pili tano. Na kila jioni kiti kililia nyuma ya ukuta, nami nikasubiri kama msichana. Nilimwandikia mambo ambayo sikuwahi kumwambia akiwa hai. Nilimuuliza kama kule aliko kuna baridi. Kiti kilikaa kimya muda mrefu jioni hiyo, kisha jibu likaja: "Hapana. Lala."

Mwili haudanganyiki. Wiki ya tatu kikohozi kilirudi. Nikitembea kwenda jikoni nilihitaji kupumzika tena kama mwanzo. Kipimo cha oksijeni nilichopewa, kile cha kubana kidoleni, kilianza kusoma chini, na wifi akasema midomo yangu ina rangi ya zambarau. Daktari wa mazoezi alipigiwa simu. Aliongea nami kwa ukali.

"Msuli usioongezewa mzigo unarudi nyuma. Wiki ijayo ukiwa hivi, unarudi wodini. Na ukirudi kwenye mashine na kifua hicho, mwalimu, sitakuficha, sijui kama utatoka."

Nilisema nimesikia. Jioni ile nilipumua tena kwenye mbili.

Kesho yake asubuhi mama mkwe aliingia chumbani, akafunga mlango, akaketi kitandani. Hakuwa na desturi ya kuketi kitandani pangu. Alinyoosha mkono, akakifungua kiganja changu kilichofunika kidude, kidole kimoja kimoja, akaitazama ile namba. Hajui kusoma vitabu, lakini namba anazijua, amepima majani ya chai maisha yake yote.

"Mokamwana," alisema. Ndivyo mkwe anavyomwita mke wa mwanawe. "Tangu lini unajua?"

"Tangu ile Sabato."

"Nilikusikia ukitoka. Nilifumba macho. Tulimuuliza daktari ni siku gani unaweza kubeba neno zito usife nalo. Akasema ukifika saba. Basi nikawaambia wote, tunangoja. Nimengoja. Mwanangu nilimzika na watu wachache, wamevaa nguo za plastiki, wanaharakisha. Nimenyolewa peke yangu. Nimelala kwenye mkeka wa msiba wiki zote hizi, kwa sababu mke wake hajamlilia, na matanga hayaanuliwi mume akiwa hajaliliwa na mke. Kila asubuhi nakusikiliza hapa ukutani unavyovuta, nasema, leo amesogea. Kumbe unanivutia hewa ya bure."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilikuwa nimeufanya msiba kuwa mali yangu, na mama wa mtu alikuwa nje mlangoni akisubiri. Nilishika mkono wake, nikasema nitamlilia sasa hivi, anishike twende.

"Hapana!" Alinikamata bega kwa nguvu. "Ukilia leo na kifua hiki utanifia mikononi. Nimezika mmoja. Kaza hicho kidude."

Tukaanza upya kutoka tatu, mimi na yeye. Hatukumwambia mtu. Asubuhi na jioni aliketi mbele yangu, mkono wake mkavu umewekwa chini ya mbavu zangu, pale kiwambo kinaposukuma, naye akahesabu kwa Ekegusii. Nikijaribu kuvuta kwa mabega alinipiga kofi dogo. "Chini! Vuta kutoka chini." Alikuwa mwalimu mkali kuliko mimi. Nilipofika nne nilitapika. Nilipofika tano nililala usingizi bila ndoto. Ujumbe uliendelea kuja, nami nikajibu namba za kweli tu, bila kuongeza neno. Nadhani shemeji alifahamu kitu, kwa kuwa siku moja hakuandika "jikaze". Aliandika "asante".

Kuna siku za ngazi ya sita niliposikia pumzi mbili. Yangu kwenye raba, na nyingine ikiifuata nyuma kidogo, nzito, kutoka upande wa kulia wa nyumba. Nilimuuliza mama mkwe kama anaisikia. Alitega sikio muda, mkono ukiwa mbavuni mwangu. "Endelea kuvuta," alisema. Hadi leo sijui alisikia nini.

Ngazi ya saba niliimaliza siku ya Jumanne asubuhi, kabla ukungu haujatoka kwenye chai. Pumzi thelathini, kilango kimefunguka mara thelathini. Mama mkwe alipotamka ya mwisho aliondoa mkono wake, akafungua kilemba chake, akakikunja vizuri na kukiweka kitandani. Wifi alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. Shemeji alisimama nyuma yake. Aliitoa simu ya kaka yake mfukoni, akaniwekea mapajani, na akashindwa kunitazama.

"Twende," nilisema.

Nilitembea hatua arobaini bila kushika ukuta. Waliondoa turubai, wakatoa matawi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tangi la maji halikuonekana vizuri, na wachuma chai waliokuwa chini walikuwa sauti tu. Nikafika kichwani pake. Nikavuta hewa kutoka chini, kama nilivyofundishwa, hadi mbavu zikauma, nikamwita baba wa mtoto wangu kwa nguvu zangu zote, nikamuuliza ameniachia nani.

Chini kwenye chai sauti zilikatika. Kisha mwanamke mmoja akaitikia kilio, na mwingine ng'ambo ya mto, na mama mkwe pembeni yangu akafungua kinywa alichokuwa amekifunga majuma yote yale. Nilimlilia mume wangu mpaka pumzi ikaisha kabisa. Nikaogopa. Nikavuta nyingine, nikaikuta ipo.